Mstari wa Mangungo

"Dada, inakataa."

Ilikuwa saa nne usiku, hapa Usagara, Tanga. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amekaa mezani na rundo la kadi zangu. Kadi hizo ni za tasnifu ya uzamili. Nimenakili humo majina ya mashamba ya mkonge kati ya Pangani, Muheza na Tanga: nani alimiliki, nani alipangishwa, mwaka gani. Nilikuwa nimejenga kanzidata ndogo kwa PostgreSQL ili kadi ziache kujaa vumbi chini ya kitanda, na yeye nilimwomba anisaidie kuchapa wakati wa likizo. Nikamfungulia jina lake la kuingilia, nikampa ruhusa ya kusoma jedwali la kadi na ruhusa ya kuongeza mistari mipya. Nikaenda kukanda unga wa chapati nikijua kazi imekwisha.

Kompyuta ilikataa kadi ya kwanza kabisa. Ujumbe ulisema ruhusa imekataliwa, si kwenye jedwali, bali kwenye kitu kinachoitwa kadi_id_seq.

Anayejua mambo haya ameshacheka. Kwa wengine, niseme hivi. Kila kadi inayoingia hupewa namba: 1, 2, 3. Namba hizo hazitoki kwenye jedwali lenyewe. Hutoka kwenye kitu kingine pembeni, mfuatano wa namba, ambacho kazi yake ni moja tu: kutoa namba inayofuata. Mfano ni karani aliyeruhusiwa kuandika kwenye daftari la masijala, lakini muhuri wa namba umefungiwa kwenye saraka ya mtu mwingine. Daftari liko wazi mbele yake, kalamu anayo, na bado hawezi kuandika hata mstari mmoja. Ruhusa ya kuutumia muhuri huo inaitwa USAGE, yaani haki ya matumizi, nayo hutolewa peke yake. Mimi sikuitoa. (Ningetengeneza namba kwa utaratibu mpya zaidi ulioingia na toleo la 10 mwaka 2017, tatizo lisingetokea. Lakini nilijifunza kwa mafunzo ya zamani, na cha zamani hakikosi deni.)

Kabla ya kurekebisha nikataka kuona: nani hasa ana haki ya kutumia nini humu ndani? Kuna mahali rasmi pa kuuliza swali hilo. Nikiwa bado nimeingia kwa jina la mdogo wangu, nikaandika:

SELECT grantor, grantee, object_name, is_grantable FROM information_schema.usage_privileges;

Mtoaji, mpewaji, jina la kitu, na kama mpewaji anaweza kumgawia mwingine. Nilitegemea mistari miwili mitatu. Ilikuja mamia.

Karibu yote ilihusu lugha. PostgreSQL huhifadhi kanuni za kupanga herufi za lugha nyingi za dunia, na kila kanuni ina mstari wake humo: mtoaji ni mwenye mfumo, mpewaji ni PUBLIC, yaani watu wote. Nikashuka taratibu hadi nikafika kwenye herufi s. sw-CD-x-icu. sw-KE-x-icu. sw-TZ-x-icu. sw-UG-x-icu. Kiswahili cha Kongo, cha Kenya, cha kwetu, cha Uganda, kila kimoja na haki yake ya matumizi kwa umma. Nilimwita mdogo wangu aone. Akatazama, akasema, "Kwa hiyo Kiswahili tumeruhusiwa?"

Nilicheka, kisha nikaenda kusoma maelezo ya mfumo. Mistari hiyo, maelezo yanakiri, si haki halisi. Katika PostgreSQL kanuni za herufi hazina ruhusa za kweli za kutoa wala kunyang'anya. Orodha huonyesha tu ruhusa ya kudhaniwa, kwa sababu kiwango cha lugha ya SQL kinataka iwepo. Na ule mfuatano wa namba, kitu pekee kilichokuwa kinatukwamisha usiku ule, haukuwepo kwenye orodha. Si kwamba haukuwa na mwenyewe. Ni kwamba orodha hii humwonyesha mtu haki alizopewa yeye, au alizozitoa yeye, au zilizotolewa kwa umma. Haki zinazowahusu wengine tu, haionyeshi. Mdogo wangu hakupewa chochote juu ya namba zile, basi kwake zilikuwa kama hazipo.

Ndipo chapati zikaungua.

Mimi nasoma historia ya ardhi. Kwa mtu wa ardhi, jedwali lenye safuwima za mtoaji, mpewaji, kitu na haki ya kugawa ni jambo analolifahamu hata kabla ya kugusa kompyuta. Nikataka kujua nani alilibuni, na kwa nini lina pazia.

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba taarifa zote zikae katika majedwali yanayohusiana. Miaka michache baadaye wenzake wa palepale wakaanza kujenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na ndani ya kazi hiyo ikazaliwa lugha ya kuulizia ambayo leo ni SQL. Jedwali moja likitumiwa na watu wengi, swali la nani aruhusiwe nini haliepukiki. Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade walichapisha jibu. Si lazima awepo bwana mkubwa mmoja anayegawa ruhusa zote, walisema. Anayeunda jedwali ndiye mwenye haki zote juu yake, na anaweza kumpa mwenzake baadhi. Akitaka, anampa pamoja na uwezo wa kugawa, na huyo naye anaweza kumpa wa tatu. Na kila ruhusa inaandikwa. Wapi? Kwenye jedwali jingine la kawaida, walilolipa jina SYSAUTH. Masijala ya haki ikawa ni daftari kama madaftari mengine, linaloulizwa kwa lugha ileile.

Kuna jambo katika makala hiyo lililonikalisha macho. Daftari lao liliandika wakati. Kila haki iliyotolewa ilibandikwa alama ya lini. Sababu ilikuwa ya kivitendo: mtu akinyang'anywa haki, wote aliowagawia baada ya kuipata lazima wanyang'anywe pia, lakini si wale ambao angeweza kuwagawia kwa haki nyingine aliyoipata mapema kwa mlango mwingine. Bila kujua kipi kilitangulia, huwezi kutenda haki. Miaka miwili baadaye Ronald Fagin akaonyesha kwamba hata hivyo kulikuwa na kasoro katika utaratibu wa kunyang'anya, akapendekeza marekebisho. Watu wazima, watafiti wa kompyuta, wanabishana juu ya nani alipewa kwanza na nani baadaye. Ungekuta mjadala huohuo kwenye baraza la ardhi la kata yoyote ya Muheza.

Lengo la kunyang'anya, kwa maneno yao, lilikuwa kuurudisha mfumo katika hali ambayo ungekuwa nayo kama ile haki isingetolewa kamwe. Naomba msomaji aliweke hilo kiganjani.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Mwaka 1985 Codd aliorodhesha kanuni zake maarufu, na mojawapo ilidai kwamba maelezo ya kanzidata yenyewe yakae katika majedwali, ili watumiaji walioruhusiwa wayaulize kama taarifa nyingine yoyote. Walioruhusiwa: neno hilo dogo limo humohumo. Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kikaleta INFORMATION_SCHEMA, chumba rasmi chenye majedwali ya kutazama tu, likiwemo hili la haki za matumizi, pamoja na kanuni kwamba kila mtu aone yanayomgusa. PostgreSQL ilikileta chumba hicho katika toleo la 7.4, mwaka 2003. Haki ya USAGE juu ya mifuatano ya namba ikaja na toleo la 8.2, mwaka 2006: mwenye nayo anaweza kuchukua namba inayofuata, lakini hawezi kuirudisha hesabu nyuma.

Na tarehe? Hakuna. Nimelitazama jedwali la usage_privileges safuwima kwa safuwima. Linasema nani kampa nani, kitu gani, na kama anaweza kugawa. Halisemi lini. Hata ndani kabisa, kwenye majedwali ya siri ya mfumo, PostgreSQL haitunzi siku ruhusa ilipotolewa. Wataalamu watasema haihitajiki, kwa sababu siku hizi kunyang'anya kunafuata nyuzi za nani kampa nani, na anayetaka tarehe aweke kumbukumbu zake pembeni. Sawa. Lakini mimi naona kilichopotea kati ya 1976 na leo si kidogo. Daftari la haki lisilo na tarehe linajua hali ilivyo, halijui ilikuwaje ikawa hivyo.

Usiku ule, kadi zikiwa zimesubirishwa, nilifanya mchezo. Nilichukua kalamu nikaandika mstari mmoja wa jedwali lile kwa ajili ya Usagara.

Si Usagara yetu hii ya mjini Tanga, yenye shule ya sekondari na bodaboda. Ile Usagara nyingine, ya bara, upande wa Kilosa. Kila aliyesoma historia kidato cha pili anaijua, kwa sababu ya mtu mmoja: Mangungo wa Msovero. Novemba 1884 Karl Peters, kijana Mjerumani wa miaka 28, alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya mikataba kwa niaba ya chama cha ukoloni alichokianzisha Berlin. Tarehe 29 Novemba alikuwa Msovero. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani, mazungumzo yakapita kwa mkalimani. Hadi leo, kila Bunge linapobishana juu ya mkataba wa madini au bandari, jina la Mangungo linarudi kama kofi. Mimi sipendi kofi hilo. Linamfanya mzee wa watu kuwa mjinga wa taifa, na kuiacha karatasi bila kuulizwa maswali.

Ukiisoma karatasi yenyewe, kinachotolewa kinaelezwa kwa neno la matumizi: nchi yake pamoja na yote yaliyomo, itumiwe na Wajerumani peke yao, kwa namna zote, kwa ajili ya ukoloni wao. Basi nikajaza safuwima:

Mtoaji: Mangungo.
Mpewaji: Karl Peters.
Kitu: Msovero, Usagara.
Aina ya haki: matumizi.
Yaweza kugawiwa: ndiyo.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyouma. Tarehe 27 Februari 1885, miezi mitatu tu baadaye, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa waraka wa ulinzi juu ya maeneo ya mikataba hiyo, na haki zikaingia mikononi mwa kampuni iliyokuja kuitwa Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Aliyepewa akagawa. Uzi ukazidi kurefuka, na kila fundo jipya lilifungwa mbali zaidi na Msovero.

Hapo ndipo lile pazia la jedwali lilipoanza kunishughulisha kwa namna nyingine. Kwa kanuni ya mwaka 1992, mtoaji huona. Mangungo, kama angekuwa na jina la kuingilia kwenye kanzidata hiyo, angeuona mstari wake: nilitoa hiki, kwa huyu, na naam, anaweza kugawa. Lakini asingeona fundo la pili, kampuni ikipokea kutoka kwa Peters, kwa kuwa hakulitoa yeye wala hakulipokea. Na kwa hakika hata huo mstari wake wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Pwani yetu iliingia kwenye daftari kwa mlango mwingine. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha kampuni hiyo utawala na ushuru wa forodha wa mwambao, kwa miaka 50. Haki ya matumizi, kwa muda maalumu, bila kuuza. Kampuni ilipokuja kupandisha bendera Pangani Agosti mwaka huohuo, watu wa Pangani waliona kitu wasichokuwa wameambiwa. Vita vilivyofuata tunavijua kwa jina la Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni nne, mwambao ukawa wake moja kwa moja. Ya miaka 50 ilidumu miwili. Matumizi yakageuka umiliki, na kila ninapofika ukurasa huo nakumbuka kwamba kwenye kanzidata haiwezekani: uwe na USAGE miaka elfu, hutakuwa mwenye kitu.

Ardhi haina ukali huo wa tabaka. Tamko la Kaisari la Novemba 1895 likaifanya ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe kuwa mali ya dola, na mkonge ukaenea. Waingereza, kwa sheria ya ardhi ya 1923, wakaita ardhi yote ya umma, na kilichogawiwa kikawa haki ya kuikalia, isiyozidi miaka 99. Marekebisho ya 1928 yakaongeza kwamba Mwafrika anayekaa kwa mila naye anahesabika kuwa nayo. Anahesabika, maana yake haikuandikwa popote. Nilipofika hapo nikazikumbuka kanuni zangu za herufi: haki ya kudhaniwa, kwa umma, isiyo na hati. Hadi leo, chini ya sheria mbili za 1999, ardhi ni ya umma na Rais ni mdhamini. Sisi wengine wote, hata mwenye ghorofa, tunacho kitu kimoja kilekile: ruhusa ya kutumia.

Bibi yangu ana shamba Pongwe. Wakati fulani alimruhusu jirani alime kipande upande wa bondeni. Sharti lilikuwa moja na hakuna aliyehitaji kuelezwa: lima mihogo, lima mahindi, usipande mnazi. Watu wa pwani wanajua kwa nini. Mihogo ni matumizi, mnazi ni umiliki. Mti unaweza kuwa wa mtu hata kama ardhi si yake, na mti unaishi kuliko makubaliano. Nilimuuliza bibi ilikuwa mwaka gani. Hakujua mwaka. Alijua ni msimu ambao kisima kilikauka, na kwamba mke wa jirani alikuwa na mimba ya yule kijana ambaye sasa anaendesha lori. Nilimuuliza nani mwingine anajua. "Waulize wa mpakani," alisema, akanitajia nyumba nne.

Kwa hiyo daftari la bibi lina kile ambacho PostgreSQL haina: lina lini. Na halina pazia. Wa mpakani wanaona hata yasiyowahusu, ndiyo kazi yao. Lakini linakaa kwenye vichwa vya watu wanne, na wawili wameshafariki. Vijiji vyenye masijala ya ardhi, yaliyojengwa ili hati za kimila zipate kabati la kukaa, vinajaribu kuliokoa daftari kama hilo. Sijui kama karatasi za kabatini zitabeba habari ya kisima.

Nirudi kwenye kompyuta, kwa sababu kuna jambo nililiacha. Lile pazia la usage_privileges ni la chumba cha wageni. PostgreSQL ina jiko pia: majedwali yake ya ndani, na kwa kawaida jiko hilo liko wazi kwa kila aliyeingia. Nikiwa bado na jina la mdogo wangu, nililiuliza jedwali la ndani linaloitwa pg_class kuhusu kadi_id_seq, na likanijibu bila kigugumizi jina la mwenye kitu hicho: mimi. Ukishagawa ruhusa, mpewaji naye huandikwa humo kwa mkato, herufi moja kwa kila haki, na U ndiyo ya matumizi. Kumbe haikuwa siri. Aliyejua mlango wa uani angeona yote. Aliyefuata njia rasmi aliishia kusoma kanuni za herufi za lugha za dunia.

Nikaingia kwa jina langu, nikaandika:

GRANT USAGE ON SEQUENCE kadi_id_seq TO mdogo;

Nikarudi kwa jina lake, nikaliuliza tena lile jedwali. Katikati ya mamia ya lugha ulikuwepo mstari mmoja mpya. Mtoaji mimi, mpewaji yeye, kitu kadi_id_seq, uwezo wa kugawa: NO. Alisoma juu ya bega langu.

"Kwa nini umeniandikia NO?"

Nilimwambia ndivyo inavyokuwa mtu asiposema vinginevyo. Akasema sawa, akavuta kiti. Kabla hajaanza, nilichukua kadi tupu nikaandika kwa wino tarehe, saa, na maneno haya: usiku huu nimempa mdogo wangu haki ya kutumia namba. Nikaiweka juu kabisa ya rundo. Akaichukua akidhani ni kadi kama nyingine, akaichapa. Kompyuta ikaipa namba 1.